Taa Isiyomsaidia Dereva

Somo: 2 Wakorintho 1:15–23



Karibu kila kitu ndani ya gari kimewekwa kwa ajili ya aliyekaa ndani yake. Kiti kinamshika mgongo, kioo kinamkinga na vumbi, taa kubwa zinamwonyesha shimo kabla hajaliangukia. Honi ni ya wengine, nakubali, lakini honi huamrisha: toka, sogea, amka. Taa ya breki nayo ni ya wengine, ila haingoji moyo wa mtu. Ukikanyaga pedali inawaka, upende usipende. Inabaki indiketa. Hiyo haimsaidii dereva chochote. Gari litakata kona vilevile bila kuiwasha, na nadhani ndiyo maana wengi wanaihesabu kuwa pambo. Iliwekwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, mara nyingi mtu usiyemjua, na haiwaki mpaka uamue mwenyewe kumwambia unakokwenda.

Ukimwomba fundi umeme akufungulie swichi yake, utaona mambo machache sana. Ni fimbo fupi pembeni mwa usukani yenye sehemu tatu za kutulia: kushoto, kulia, na katikati ambako haisemi kitu. Umeme hutoka kwenye betri, volti 12 kwa gari dogo na 24 kwa lori, ukapita kwenye fyuzi, ukaingia kwenye kidude ambacho mafundi wanakiita flasha, kisha ukafika kwenye swichi na kungoja. Ukisukuma fimbo, vipande vidogo vya shaba vinagusana na upande mmoja wa gari unaanza kusema. Flasha za zamani zilikuwa na kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja: umeme ukipita kinapata joto, kinapinda na kukata njia, kikipoa kinanyooka na kuiunganisha tena. Ule mlio wa tik-tik ulitoka hapo. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vifaa vya elektroniki, lakini mlio umeachwa kwa makusudi, ili dereva ajue kwamba bado anasema na watu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayohusu taa hizi inataka ziwake kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Zikienda polepole zaidi, anayekuja atakuwa amekwisha kufika kabla hajasoma.

Hapa kwetu adui wa swichi hiyo ni vumbi. Shaba ikishika uchafu na grisi iliyokauka, fimbo inasukumika kama kawaida na mkono wa dereva unaridhika kwamba umeshasema, kumbe nje hakuna aliyeona kitu. Kwenye magari mengi globu moja ikiungua mlio ndani unaanza kwenda mbio, tik-tik-tik-tik, na huo ndio ujumbe kwamba upande mmoja umenyamaza. Nimepanda na madereva waliougeuza mlio huo kuwa muziki wa safari.

Wale mlioendesha gari la Kijapani miaka yote, halafu siku moja mkakabidhiwa gari la Kizungu, mtakumbuka kichekesho chake. Magari ya Kijapani tuliyoyazoea yana fimbo ya indiketa mkono wa kulia na ya waipa mkono wa kushoto. Mengi ya Ulaya yamefanya kinyume. Basi dereva anafika njia panda, mwezi wa Septemba, jua la Tabora likiwa kali, anasukuma fimbo kwa nia njema kabisa, na waipa zinaanza kufuta kioo kikavu. Alitaka kuzungumza na jirani, akaishia kusafisha dirisha lake. Tunacheka, lakini nimeona maombi ya namna hiyo, na toba ya namna hiyo pia: mtu amemkosea mwenzake, anakuja kanisani kulia mbele za Mungu mpaka moyo wake unang'aa, na yule aliyekosewa hajaambiwa neno hata moja.

Jambo la swichi hii linalonigusa zaidi ni namna inavyojizima. Ukishakata kona na usukani ukaanza kurudi mahali pake, kuna kidole kidogo ndani kinachogusa fimbo na kuirudisha katikati. Aliyesema, akatenda, sasa ananyamaza. Kampuni ya Buick ya Marekani ilianza kuuza magari yenye indiketa za umeme za kuwaka na kuzimika katika toleo la mwaka 1939, na mwaka uliofuata ikaongeza hilo la kujizima. Kabla ya hapo watu walikuwa wamehangaika sana. Karibu na mwaka 1914 mwigizaji wa filamu Florence Lawrence alibuni mkono wa ishara uliopanda na kushuka nyuma ya gari kwa kubonyeza kitufe, wala hakupata hataza yake. Wazee waliowahi kuziona Morris Minor na Volkswagen za miaka ya 1950 wanaukumbuka ule mkono mdogo uliochomoka ubavuni mwa gari kama kidole cha mtoto anayetaka kujibu swali darasani. Na konda wa daladala, ambaye hahitaji hataza, bado anatoa mkono wake dirishani.

Lakini kujizima kuna mpaka wake. Kona ikiwa ndogo, kama unapolipita gari lililo mbele yako na kurudi upande wako, usukani hauzunguki vya kutosha kukigusa kile kidole. Indiketa inaendelea kuwaka, na ni lazima uizime kwa mkono. Pikipiki nyingi zinazofanya kazi ya bodaboda hazina kabisa kitu cha kujizima. Ndiyo maana unamwona kijana ametoka Ipuli anaelekea mjini, indiketa ya kulia inawaka tangu kona aliyoikata zamani, na yeye mwenyewe ameshasahau. Mama aliyesimama pembeni na mtoto mgongoni anangoja pikipiki igeuke. Haigeuki. Siku nyingine atakapoiona ikiwaka hatangoja, atavuka, na siku hiyo huenda kijana anageuka kweli. Vijana wengine wamefunga vile vidude vya kulia pii-pii indiketa ikiwaka. Wanaviita urembo, mimi nawapongeza.

Tuje sasa kwenye njia yetu wenyewe, maana mji huu wa Tabora ulizaliwa na njia. Wasafiri wa Kizungu, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, yaani hapa, tarehe 7 Novemba. Walifuata njia iliyokuwa imekwisha kukanyagwa na Wanyamwezi wakishuka na pembe za ndovu na kupanda na nguo, shanga na waya. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo zipatazo 32, wengine zaidi. Na mbele ya wote alitembea kirangozi, mwongoza njia wa msafara. Wengi wetu tumebaki na picha ya mavazi yake, manyoya kichwani na bendera mkononi, tukasahau kazi yake. Msafara mkubwa ulikuwa na mamia ya watu, na ukiwa safarini ulinyooka mstari mrefu porini, mwenye nguvu mbele, mgonjwa nyuma, mwenye kidonda cha mguu nyuma kabisa. Wa mwisho hakuiona bendera wala hakuisikia ngoma ya kirangozi. Kwa hiyo njia ilipogawanyika, walio mbele waliiziba njia isiyo yao kwa tawi bichi lililolazwa chini, au walichora mstari mchangani kwa mguu. Tawi likiwa bado bichi, aliyechelewa alijua kwamba wenzake wamepita si muda mrefu, na kwamba huku siko.

Kirangozi hakulihitaji tawi lile. Njia aliijua. Alikuwa amekwisha kugeuka, na jua lilikuwa linamsukuma kufika kambini penye maji. Lakini aliinama akavunja tawi kwa ajili ya mtu ambaye pengine hata jina lake hakulikumbuka. Hapo ndipo ninapomwona baba wa indiketa, miaka mingi kabla ya Buick.

Sitaipamba njia hiyo kupita kiasi. Kulikuwa na watu waliopita penye matawi hayo wakiwa na minyororo shingoni, na kwao njia ya kulia na ya kushoto zilikuwa kitu kimoja. Serikali yetu iliiweka njia hii mwaka 2006 katika orodha ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza kuwa urithi wa dunia, ikiitwa njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na vituo vyake ni pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Jina hilo linasema ukweli wote na lisipunguzwe.

Desturi ya tawi haijafa. Nenda barabara kuu inayotoka Singida, ikashuka mlima Sekenke, ikapita Igunga na Nzega kwenda Kahama na mpaka wa Rwanda. Malori yanayopita pale ndiyo misafara ya leo. Lori likikwama, utingo anaruka chini na panga, anakata matawi na kuyapanga barabarani nyuma ya gari, mbali kiasi cha kumpa nafasi anayekuja. Sheria inataka vibao vyekundu vya pembetatu, na vibao ni bora kuliko majani usiku. Hata hivyo, dereva wa kutoka Kigali au Bujumbura asiyejua Kinyamwezi hata neno moja anayaelewa yale majani papo hapo. Tatizo letu ni lilelile la bodaboda. Lori likishatengenezwa, watu wanafurahi, wanapanda, wanaondoka, na matawi yanabaki pale pamoja na mawe waliyowekea magurudumu. Ishara ya mtu aliyeondoka zamani inamwangusha usiku mtu asiyehusika.

Madereva hao wana lugha nyingine pia. Ukiwa nyuma ya lori refu na hulioni la mbele, dereva wake akiwasha indiketa ya kulia anakuambia usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto anakuambia njia nyeupe, pita. Ni hisani kubwa kati ya watu wasiojuana, na imeokoa wengi. Nawasihi hata hivyo msiifanye Injili. Mwenye lori anaweza kuwa anakata kona kweli, na anayekuambia pita hayupo kwenye kiti chako. Shukuru, kisha tazama kwa macho yako mwenyewe.

Sasa tusome Paulo. Watu wa Korintho walikuwa na neno juu yake, nalo lilihusu safari. Katika waraka wa kwanza, sura ya 16, aliwaambia kwamba atapitia Makedonia kisha aje kwao, na huenda akakaa nao wakati wa baridi. Baadaye akakusudia jambo jingine: apite kwao kwanza, aende Makedonia, arudi tena kwao, ndipo wamsafirishe kwenda Uyahudi. Halafu safari ile ya kurudi hakuifanya. Fikirini watu wanaongoja mgeni: nyumba imefagiliwa, chakula kimehesabiwa, na mgeni haji. Maneno yakaanza. Huyu ana ndiyo na siyo kwa wakati mmoja. Na kama safari zake haziaminiki, Injili yake itaaminikaje?

Ninalipenda jibu la Paulo kwa sababu hajifanyi mkubwa asiyeulizwa. Mtume angeweza kusema kwamba ratiba yake ni kati yake na Roho Mtakatifu. Watumishi wangapi leo wanajibu hivyo! Yeye anaeleza. Anasema hakukusudia kwa wepesi, na katika aya ya 23 anamwita Mungu awe shahidi kwamba hakuja kwa kuwahurumia, maana angekuja wakati ule angekuja na fimbo. Alibadili njia kwa sababu ya upendo, na bado aliona wanadai kuelezwa. Katikati ya maelezo hayo ya safari, kama mtu anayezungumzia barabara kisha akainua macho, anasema kwamba ahadi zote za Mungu zimepata ndiyo yake katika Kristo. Hoja yake ni hiyo: Mungu alitangaza mapema alikokuwa anakwenda, kwa Ibrahimu na kwa manabii, kisha akaenda hukohuko, hata kona ile ilipopita msalabani. Mtu anayehubiri Mungu wa namna hiyo hawezi kuwaacha watu wakibahatisha nia zake.

Kwa hiyo kubadili njia si dhambi, wapendwa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji kwa vita vyake na Waarabu wa Tabora, Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari David Livingstone, alizunguka kusini na akafika Ujiji mwezi Novemba akamkuta. Njia hufungwa, na mwenye busara huzunguka. Mzigo wa kujibu uko kwa wale wanaotutegemea na wanaotufuata: je, wamejua?

Kuna kisa kimoja cha hapahapa kinachonisumbua katika jambo hili, na sitaki kukiruka kwa kuwa hakikai vizuri kwenye mahubiri. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaamua kuupeleka pwani na kwao Uingereza. Mwezi Oktoba walifika Unyanyembe, yaani eneo hili letu la Tabora. Walimkuta hapa Luteni Cameron wa jeshi la majini la Waingereza, naye akawashauri wauzike mwili papa hapa, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari. Walikataa. Walisema wanakwenda pwani, na Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo. Nikitafuta watu waliosema kulia wakaenda kulia, katika historia yote ya njia yetu, siwaoni wanaowapita hao.

Lakini tazameni walichofanya muda mfupi baada ya kuondoka Unyanyembe. Walipofika Kasekera, wenyeji walikataa katakata maiti ipite katika nchi yao. Basi wakafanya ujanja. Walichukua mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo kwa umbo la mtu, wakayapa watu wao wachache wayabebe kurudi Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika, tena na karatasi iliyokunjwa ikabanwa kwenye fimbo kama barua ya safari. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa nguo. Wale wa mabua walipofika porini usiku wakayatupa vipande vipande, wakarudi kwa siri kuwafuata wenzao. Kwa lugha ya barabarani, waliwasha ya kushoto wakakata kulia.

Nitasema nini? Nawakumbuka wakunga wa Kiebrania mbele ya Farao, nawakumbuka Rahabu na wale wapelelezi juu ya dari, na Maandiko hayakuwalaani. Siwahukumu Susi na Chuma. Watu wa Kasekera waliogopa, na hofu yao naiheshimu, lakini hawakudhurika. Wala hakuna hata mmoja wa msafara aliyedanganywa. Waliokuwa nyuma walijua kama waliokuwa mbele. Hata hivyo sitamruhusu mtu akichukue kisa hicho akifanye mlango wa kupitia. Uongo wao ulibeba mwili wa rafiki. Mwingi wa uongo tunaoupitisha majumbani mwetu kwa umbo la mtumba wa nguo umebeba starehe zetu tu.

Tuwe wawazi. Msimu wa tumbaku unafika mwisho, malipo yanatoka kwenye chama cha msingi, na mume ameshaamua moyoni hela itafanya nini. Ameamua tangu mbegu ziko kitaluni. Mke aliyepalilia, aliyechuma majani na kukesha na moto wa bani la kukaushia, anasikia kisimani kwamba mumewe amelipia pikipiki, au amefungua nyumba nyingine Kaliua. Mume huyo akiulizwa atasema hakumdanganya mtu, na kweli hakusema uongo wowote. Amekata kona bila kuwasha taa. Upande wa pili yuko mama aliyeuza mbuzi wawili na kumpeleka binti yake kwa shangazi Dar es Salaam, baba akaja kujua basi likiwa limeshapita Manyoni. Na sisi wachungaji tusijifiche nyuma ya joho: waumini wamechangia bati, wazee wa kanisa wameketi usiku wakaamua fedha zinunue vyombo vya muziki, na Jumapili watu wanaona spika mpya chini ya paa linalovuja. Huenda uamuzi ulikuwa mzuri. Paulo naye alikuwa na sababu nzuri, na aliandika waraka.

Yuko pia anayewasha na hageuki. Kijana amepeleka posa, mshenga amepokelewa, barua imejibiwa, na huu ni mwaka wa nne. Haji kulipa mahari na haji kusema kwamba ameghairi. Binti amekaa njia panda, na wengine waliotaka kupita wamesimama kwa heshima ya taa inayowaka. Kijana wa namna hii namwambia jambo moja tu: zima. Ni aibu ya siku moja, na familia ile itapumua.

Na wale wanaowasha zote nne? Mmewaona. Dereva anafika makutano, anataka kwenda moja kwa moja, basi anawasha hazadi ili wote wajue hakati kona. Lakini taa hizo zimewekwa kwa ajili ya gari lililokwama au lenye hatari. Na aliye upande wa kushoto hazioni zote nne. Anaona moja tu, ya upande wake, na anasoma kwamba gari linakuja kwake. Aliye kulia anasoma hivyohivyo. Paulo huyohuyo aliwauliza Wakorintho, katika waraka wa kwanza 14:8, ni nani atakayejiandaa kwa vita kama baragumu imetoa sauti isiyoeleweka. Wana wa Israeli jangwani walipewa tarumbeta mbili za fedha, na Hesabu sura ya 10 inaeleza mlio gani unawaita wakuu, mlio gani unawaita watu wote, na mlio gani unaondoa kambi za upande wa mashariki. Katika sura hiyohiyo Musa, mwenye wingu la Mungu juu ya kichwa chake, anamsihi Hobabu asiondoke, awe macho yao, kwa sababu anajua mahali pa kupiga kambi jangwani. Mtu mwenye wingu bado alitaka kirangozi. Ninaposikia mkristo akisema Bwana ndiye anayeniongoza, sihitaji kumweleza mtu, naikumbuka aya hiyo.

Sisi Wamoravian tumeishi na alama hii tangu ndugu zetu walipopokea kazi ya Urambo mwishoni mwa karne ya 19: Mwanakondoo anayetembea akiwa na bendera. Tumeichora kwenye kuta na vitambaa vya madhabahu mpaka hatuioni tena. Bendera ile ni ya mtu anayetangulia na anayejua wako watu nyuma. Bwana wetu aliwaambia wanafunzi mara tatu, kabla ya kona yenyewe, kwamba anapanda Yerusalemu na litakalompata huko. Hawakuelewa, Petro alimkemea, lakini hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakuambiwa.

Wiki hii, basi, nawaomba kitu chepesi. Kama kuna kona umeshaiamua moyoni, iwe ya fedha, ya mtoto, ya kazi au ya kuhama, mwambie leo jioni yule itakayemgusa, kabla ya kugeuza usukani. Kama kuna taa uliyoiwasha zamani na safari ile huiendi tena, nenda ukaizime mbele ya waliokuwa wanakungoja. Na wenye magari na pikipiki, Jumamosi kabla hamjatoka, washeni kushoto, washeni kulia, na mwombeni mke au mtoto asimame nyuma awaambie kama zinawaka, kwa sababu aliyekaa kwenye usukani hazioni. Globu na iwekwe nyingine siku hiyohiyo. Anayekuja nyuma yenu Jumapili asubuhi anaweza kuwa mwenzenu wa kwaya.